Jinsi ya kulinganisha bei za nyumba za Karen na Runda

Wanunuzi huniletea matangazo mawili ya nyumba za Nairobi, moja la mtaa wa Karen na jingine la Runda, wakitaka kujua ipi ni nafuu. Bei ya tangazo peke yake haiwezi kujibu swali hilo. Katika mitaa hii miwili unanunua ardhi na nyumba kwa pamoja, na mara nyingi pesa nyingi zimelala kwenye ardhi. Kazi yangu ya uthamini huanza kwa kuvitenganisha viwili hivyo, nawe unaweza kufanya hivyo kwa karatasi na kikokotoo.

Hatua ya 1: Chagua zinazofanana. Nusu ekari kwa nusu ekari, iliyo ndani ya lango la pamoja kwa iliyo ndani ya lango la pamoja. Jumba la zamani la Karen kwenye ekari nzima halipimwi na nyumba mpya ya Runda kwenye robo ekari. Tafuta angalau tatu kila upande.

Hatua ya 2: Soma ukubwa kwenye hati miliki. Madalali husema ekari, hati husema hekta. Nusu ekari ni hekta 0.2023. Ukikuta hati imeandikwa 0.162, hiyo ni ekari 0.4 tu: barabara ya ndani na bustani ya pamoja zimemega kipande, nawe unatozwa kama vile nusu imetimia. Ikiwa ekari moja hapo ni milioni 80, kipande hicho ni milioni 8. Hapa ndipo nimeona wanunuzi wakiumia zaidi, kwa hiyo usione haya kuomba nakala ya hati mapema.

Hatua ya 3: Weka bei zote kwa shilingi, kwa kiwango cha siku moja. Runda imepakana na Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, na wenye nyumba wengi huko hutaja bei kwa dola. Mwishoni mwa Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160. Katikati ya mwaka huohuo ilikuwa karibu 130. Nyumba ya dola 800,000 ilitoka milioni 128 hadi milioni 104, na mwenyewe hajapunguza hata senti.

Hatua ya 4: Toa thamani ya ardhi. Uliza ploti tupu katika barabara hiyohiyo inauzwa kiasi gani. Ripoti za bei za ardhi za HassConsult, kampuni ya nyumba na ardhi, zinazotoka kila robo mwaka, zitakupa picha ya mtaa mzima, lakini barabara mbili za Karen zinaweza kutofautiana sana.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, nyumba ya Karen ni milioni 95 na ploti ya ukubwa huo ni milioni 40. Jengo limebaki na milioni 55. Ya Runda ni milioni 110, ploti milioni 55, jengo pia milioni 55. Sasa gawanya kwa mita za mraba: ya Karen ina 350, sawa na takriban shilingi 157,000 kwa mita, ya Runda ina 420, takriban 131,000. Ile iliyoonekana ghali ndiyo yenye jengo la bei nafuu.

Hatua ya 5: Rekebisha kwa hali ya nyumba. Umri, paa, mabomba. Sehemu kubwa ya Karen haina bomba la maji taka, basi angalia tangi la maji taka liko wapi na kama kisima kina kibali.

Hatua ya 6: Ongeza gharama za kuhamisha umiliki. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, na mlipaji ni mnunuzi: milioni 3.8 kwa nyumba ile ya Karen, milioni 4.4 kwa ya Runda. Kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu 2023, ni ya muuzaji; akijaribu kukubebesha, kataa.

Hatua ya 7: Kumbuka bei ya tangazo ni ombi tu. Muulize mthamini aliyesajiliwa nyumba za karibu ziliuzwa kwa kiasi gani hasa, kisha wakili wako aikague hati kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, kabla hujalipa amana.