Mkono Wako Ukae Mfukoni: Kuanzisha Meza ya Sanaa kwa Watu Wazima Wenye Ulemavu wa Akili

Kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka na vinyozi hapa Kondele, Kisumu. Jumamosi asubuhi naacha ngazi na naingia ukumbi wa kanisa, ambako watu wazima wenye ulemavu wa akili huja kuchora, kufunga nyuzi na kubandika. Wengine wana hali ya Down, ambayo mtu huzaliwa nayo, wengine usonji, wengine mtindio wa ubongo. Watu wa Ahero na Siaya wameniuliza jinsi ya kuanzisha meza kama hii kwao. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza, heshima. Mtu wa miaka 40 si mtoto, hata kama nyumbani bado wanamwita hivyo. Mwenye umri wa mama mwite mama, kijana mwite omera, yaani ndugu kwa Kijaluo, kama unavyomwita kijana mwingine yeyote. Vile vitabu vya chekechea vya kupaka rangi sungura viache dukani.

Kutaneni asubuhi. Mvua ya Kisumu hupenda kuja alasiri, na ikianza kupiga mabati hakuna anayemsikia mwenzake. Kwa mtu mwenye usonji kelele ile yaweza kuharibu siku nzima. Kabla hamjaanza, mvute mlezi pembeni umwulize: ana kifafa? Huweka vitu mdomoni? Kuna mguso au sauti asiyoipenda? Kifafa kikimpata, sogeza viti, mlaze kwa ubavu, angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni, hata mzee wa kanisa akisisitiza. Kikipita dakika 5, tafuta gari la hospitali.

Kuhusu rangi nasema kama fundi: rangi ya mafuta na tapentaini hazina nafasi hapa. Baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi, na mvuke wake unaumiza kichwa. Nunua rangi za maji. Gundi pika mwenyewe. Koroga kikombe 1 cha unga wa ngano katika kikombe 1 cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha mimina kwenye vikombe 3 vya maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka iwe nzito na ing'ae. Pika ya siku hiyo tu, maana kwa joto letu inachacha upesi.

Karatasi si lazima ununue. Pakiti za unga za kilo 2 ukizifungua, upande wa ndani ni msafi na unabeba rangi vizuri. Mafundi cherehani wa soko la Kibuye watakujazia mfuko wa vipande vya vitambaa ukiwaomba kwa adabu. Dunga, ufukweni mwa ziwa, utapata nyavu chakavu na gugumaji lililokaushwa. Nyavu zifue kwa sabuni, kisha uzifue tena, la sivyo ukumbi mzima utanuka samaki. Kwa fundi wa baiskeli omba tyubu kuukuu. Ikate ukanda, uzungushie mpini wa brashi mpaka unene, na mkono usiofumba vizuri utaweza kuushika. Karatasi ibandike mezani pembe zote 4 kwa selotepu, na kopo la maji liwe zito, kwa sababu mkono wenye mtindio wa ubongo hurukaruka bila mwenyewe kutaka.

Sasa sehemu ngumu, na ugumu wenyewe uko kwako wewe msaidizi.

Usiulize "unataka kufanya nini leo?" Swali hilo ni pana mno. Weka vitu viwili mbele yake, mathalani nyuzi na rangi, kisha ngoja. Ngoja zaidi ya unavyozoea. Kimya chake si kukataa; pengine macho yake yameshachagua na mkono bado uko njiani. Usichore mfano. Ukichora samaki, meza nzima itachora samaki wako, na asiyeweza atasukuma karatasi. Na usimshike mkono ukamwongoza. Wajitolea wapya ndiyo dhambi yao kubwa: wanataka mama mzazi aone kitu "kizuri", basi wanachora wao kwa mkono wa mwingine. Mimi huwaambia mkono ukae mfukoni mpaka uombwe.

Akirudia duara lile lile kila wiki, mwache. Akikaa bila kugusa kitu, mwache pia, ila umbadilishie vifaa. Yupo Mmarekani aliyeitwa Judith Scott, aliyezaliwa 1943 na hali ya Down, kiziwi, aliyefungiwa kwenye taasisi kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1987 alipelekwa Creative Growth, kituo cha sanaa huko Oakland, na kwa karibu miaka 2 kuchora hakukumvutia hata kidogo. Siku alipokutana na nyuzi akaanza kufunga vitu, tabaka juu ya tabaka, na hakuacha hadi alipofariki 2005. Leo kazi zake zimo katika makumbusho makubwa. Wasingengoja, tusingemjua.

Wazazi wakikwambia unawapotezea watu muda, watajie pia Nnena Kalu, mwanamke mwenye asili ya Nigeria anayeishi Uingereza, mwenye usonji na maneno machache. Anafunga na kuzungusha vitambaa na tepu mpaka vinakuwa maumbo makubwa yanayoning'inia. Mwaka 2025 alishinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ambayo wasanii wengi wa kule huiota.

Kazi imeisha lini? Mwenyewe ndiye ajuaye. Wengine husukuma karatasi mbali, wengine husimama, mmoja wetu hupiga meza kofi moja. Usiongeze hata nukta ya "kumalizia". Nyuma andika jina lake na tarehe, na akisema neno lolote kuhusu kazi hiyo, liandike kama alivyolisema.

Kuuza ni hiari yake. Weka kazi na noti mezani pamoja, umwoneshe kwamba hii ikienda, hizi zinakuja. Akiivuta kazi yake, haiuzwi, hata kama mlezi anataka. Vivyo hivyo picha: usiweke sura ya mtu mtandaoni kwa sababu tu dada yake amekubali. Bei naipanga kama ninavyopanga ya bango, kwa vifaa, ukubwa na muda uliotumika, na mteja akisema "nampa tu kidogo nimsaidie", namwonesha bei tena. Pesa ni za msanii. Kama hana simu na zinapitia kwa mlezi, ziandikwe kwenye daftari mbele ya msanii na shahidi mmoja, na gharama ya vifaa ikatwe tu kama mlikubaliana kabla brashi haijaloa.