Namna ya kuwalinganisha wapigaji wakubwa wa kriketi wa enzi tofauti

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika matokeo ya mechi za kriketi hapa Dar es Salaam, na karibu kila Jumapili, pembezoni mwa uwanja pale Upanga, husikia ubishi uleule. Mzee anamtaja Viv Richards wa West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, kijana anamjibu kwa Sachin Tendulkar wa India, kisha anatokea mtu wa tatu na jina la Don Bradman wa Australia, ambaye hakuna hata mmoja wao aliyepata kumwona akicheza. Ubishi huo hauishi kwa sababu kila mmoja anapima kwa kipimo chake. Njia ifuatayo ndiyo ninayoitumia mimi, na inahitaji karatasi, penseli na uvumilivu wa jioni moja.

Hatua ya kwanza ni kuchagua aina moja ya mchezo na kubaki nayo. Mwaka 1984, katika uwanja wa Old Trafford, Uingereza, Richards alipata mikimbio (yaani pointi za mpigaji) 189 bila kutolewa, yaani bila wapinzani kuikomesha zamu yake ya kupiga, katika jumla ya 272 ya timu yake. Hata hivyo, hiyo ilikuwa mechi ya siku moja, na haifai kuwekwa kwenye mizani moja na mechi za Testi, yaani zile za kimataifa za siku tano. Mimi hutumia Testi, kwa kuwa ndizo zilizochezwa katika enzi zote tunazobishania.

Hatua ya pili ni kukokotoa wastani kwa mkono wako mwenyewe. Vijana wengi ninaowafundisha hugawanya mikimbio kwa idadi ya mara ambazo mtu aliingia kupiga, ilhali inatakiwa igawanywe kwa idadi ya mara alizotolewa. Bradman aliingia mara 80, akabaki bila kutolewa mara 10, na akakusanya mikimbio 6,996. Gawanya kwa 70 upate 99.94. Alipoingia kwa mara ya mwisho, katika uwanja wa The Oval, London, mwaka 1948, alihitaji mikimbio minne tu ili wastani wake ufike 100, lakini Eric Hollies alimtoa kwa mpira wa pili kabla hajapata hata mmoja. Tendulkar aliingia mara 329, akabaki mara 33, na mikimbio yake ni 15,921. Ukigawanya kwa 296 utapata 53.78 na ushei.

Hapo ndipo wengi hufunga daftari, nami nasema hapo ndipo kazi inapoanza. Hatua ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kiini cha zoezi zima, ni kumpima kila mpigaji dhidi ya wakubwa wenzake wa wakati wake, kwa sababu wao walikutana na sheria, vifaa na viwanja vinavyokaribiana na vyake. Kwa Bradman, chukua Hammond mwenye 58.45, Sutcliffe mwenye 60.73, Headley mwenye 60.83 na Hutton, aliyeanza mwaka 1937, mwenye 56.67. Wastani wao wanne ni 59.17. Ukigawanya 99.94 kwa 59.17 unapata 1.69, maana yake Bradman aliwazidi walio bora kabisa wa zama zake kwa zaidi ya theluthi mbili. Kwa Tendulkar, chukua Lara mwenye 52.88, Ponting mwenye 51.85, Kallis mwenye 55.37 na Dravid mwenye 52.31, wastani wao ni 53.10, na jibu linakuwa 1.01. Ili Tendulkar awaache wenzake kwa umbali ule wa Bradman, angehitaji wastani wa karibu 90. Nilipoifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza niliirudia mara tatu, kwa kuwa sikuamini kwamba pengo linaweza kuwa kubwa kiasi hicho.

Hatua ya nne ni kuuliza ni nani waliokuwa wakirusha mpira. Kwa muda mrefu nilimpa Richards sifa zote bila kukumbuka kwamba warushaji waliotisha kuliko wote wa siku zake, yaani Roberts, Holding, Garner na Marshall, walikuwa wenzake wa timu moja, kwa hiyo hakuwahi kukabiliana nao katika Testi. Sunil Gavaskar wa India, kwa upande mwingine, alifikisha mia, yaani mikimbio 100 au zaidi katika zamu moja, mara 13 dhidi ya West Indies hao, ingawa si zote zilizopatikana wakati wanne hao wakiwepo. Wastani wa Richards wa 50.23 na wa Gavaskar wa 51.12 unakaribiana mno kwenye karatasi, lakini jambo hili lazima liandikwe pembeni.

Hatua ya tano inahusu uwanja na vifaa. Yeyote aliyejifunza kupiga kwenye mkeka uliotandikwa juu ya saruji anajua jinsi mruko wa mpira unavyobadilika akihamia kwenye udongo. Jack Hobbs alipiga kwenye pichi zilizoachwa wazi zinyeshewe mvua, na helmeti zilianza kuzoeleka mwishoni mwa miaka ya 1970. Bradman mwenyewe, Uingereza ilipomrushia mipira ya kulenga mwili katika msimu wa 1932 na 1933, alishuka hadi wastani wa 56.57. Ni kushuka kwake, lakini kwa wengi kungekuwa kilele.

Mwisho, zingatia nafasi alizopata kila mmoja. Tendulkar alidumu kuanzia 1989 hadi 2013, akacheza Testi 200 katika nchi nyingi. Bradman alicheza 52 katika nchi mbili tu, na Vita vya Pili vya Dunia vilimnyang'anya miaka minane. Ndiyo maana sipangi orodha ya kwanza hadi ya kumi. Bradman mimi humweka peke yake, na waliobaki huwagawa katika makundi. George Headley alicheza Testi 22 pekee, lakini mwaka 1939, katika uwanja wa Lord's, London, alifikisha mia katika zamu zote mbili za mechi moja. Kwenye karatasi yangu yumo katika kundi la Tendulkar na Lara, na mbele ya jina lake nimeandika idadi ya mechi zake kwa wino mwekundu ili msomaji aione.