Kasuku wa ndani huuawa na alizeti na moshi

Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huishi miaka 40, wengine hata 60. Wengi wa majumbani kwetu hufa mapema mno, na habari ni ile ile: jana alikuwa mzima, leo asubuhi tumemkuta kalala sakafuni mwa tundu. Jana hakuwa mzima. Ndege huficha ugonjwa kwa maumbile yake, maana porini anayeonyesha unyonge ndiye mwewe humchagua. Siku unapomwona amezubaa, huenda ameumwa wiki nzima au zaidi. Na mara nyingi kilichomuua kiliwekwa na mwenye nyumba mwenyewe: kibakuli cha alizeti tupu, au hewa ya chumba anamolala.

Kabla ya hayo, karatasi. Kasuku wa kijivu yumo katika Kiambatisho cha I, orodha ya wanaolindwa zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya wale waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Tanzania huruhusiwi kumfuga ndege wa porini bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori, TAWA. Kenya utakwenda KWS, shirika la wanyamapori la huko. Cherero nao, wale kasuku wadogo wenye uso wa rangi ya chungwa wanaofugwa dunia nzima, asili yao ni kwetu, kusini mwa Ziwa Victoria hadi Serengeti. Mtu akikuletea boksi la cherero barabarani, wanarukaruka kwa hofu, hakuna mwenye pete mguuni na manyoya yana mabaki ya ulimbo, usinunue hata kama bei inavutia. Mbali na sheria, ndege aliyenaswa jana hufa kirahisi kwa mshtuko na kugoma kula. Tafuta aliyezaliwa tunduni.

Sasa chakula. Alizeti ina mafuta mengi, kalsiamu kidogo, na vitamini A ni kama haimo. Kasuku huipenda kuliko chochote, ndiyo maana mwenye nyumba huamini anamlisha vizuri. Akila hiyo peke yake miaka kadhaa, ini hujaa mafuta, ngozi ya ndani ya pua na kinywa hukakamaa, pua huziba, anapata mafua yasiyopona kwa dawa yoyote. Kasuku wa kijivu ana udhaifu wake mwingine: kalsiamu ikipungua kwenye damu hutetemeka, huanguka kutoka kijitini na kushikwa na degedege. Nimesikia watu wakisema kapigwa jicho. Ni upungufu wa chakula, na daktari wa mifugo akiwahi unatibika.

Dawa ya yote haya iko gengeni. Mchicha, sukuma wiki, majani ya maboga, karoti, boga la njano, viazi vitamu vilivyochemshwa bila chumvi, papai pamoja na mbegu zake, embe. Mpe pilipili pia, hata ile kali. Ndege hawausikii ukali wake na kasuku wengi huigombania. Mahindi mabichi yakiwa kwenye gunzi ni chakula na ni kazi ya kufanya. Mara moja moja mpe kipande cha yai la kuchemsha. Kwa kasuku mkubwa, mbegu zibaki sehemu ndogo ya mlo, na alizeti iwe zawadi ya mkononi. Cherero na chiriku ni walaji wa mbegu zaidi, kwa hiyo uwele, ulezi na mtama viendelee kuwa msingi, ila majani mabichi yasikose kila siku.

Usibadilishe kwa ghafla. Ndege aliyekulia alizeti haoni kwamba mchicha ni chakula, na anaweza kushinda njaa mbele yake. Weka mboga asubuhi na mapema akiwa na njaa, kisha mbegu baadaye, na kila wiki punguza mbegu kidogo. Kula karoti mbele yake. Kasuku anataka unachokula wewe. Wakati huo mpime kwa mizani ndogo ya jikoni kila asubuhi kabla hajala. Kasuku wa kijivu huwa kati ya gramu 400 na 500 hivi, cherero karibu 50. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, rudisha mbegu na umwone daktari. Mizani hiyo ni bora kuliko macho yako siku zote, nunua.

Kuna kosa dogo linaloua ndege wadogo wengi. Cherero na chiriku humenya mbegu na kuyaacha makapi mle mle kibakulini. Ukitazama unaona kimejaa, unaondoka, kumbe ni makapi matupu. Puliza kibakuli kila asubuhi ujue kilichobaki.

Vya kutompa kabisa: parachichi (tunda, kokwa na majani), chokoleti, kahawa, chai, pombe, vitunguu, vyakula vya chumvi. Karanga na mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, inayoharibu ini la ndege kwa kiasi kidogo sana. Zile karanga zilizobaki chini ya gunia, ambazo hata wewe ungezitema, zisiende kwa kasuku. Kwa kalsiamu, walio pwani wana bahati: ule mfupa mweupe wa ngisi unaotupwa ufukweni na mawimbi, uroweke maji baridi siku kadhaa ukibadilisha maji, uchemshe, uanike, kisha uufunge kwenye waya za tundu. Walio bara wasage maganda ya mayai yaliyochemshwa. Kalsiamu hiyo haifanyi kazi bila jua, na jua la kupitia kioo cha dirisha halisaidii, kwa sababu kioo huzuia mionzi inayotengeneza vitamini D. Toa tundu nje asubuhi muda mfupi, upande mmoja uwe na kivuli, na mtu awe karibu kwa ajili ya paka na kunguru.

Kuhusu hewa nitasema kwa msisitizo, maana ndiyo isiyotajwa kabisa dukani. Mapafu ya ndege yameunganishwa na mifuko ya hewa iliyoenea mwilini, na hewa safi hupita humo kwa mkondo mmoja, akivuta na akitoa. Ni ufundi wa kumwezesha kuruka, lakini humfanya anywe sumu haraka kuliko binadamu. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka mgodini na chiriku hadi mwaka 1986 kwa sababu hiyo: ndege akianguka, watu wanakimbia. Nyumbani kwetu chiriku huyo huyo tunamtundika karibu na jiko la mkaa. Au sebuleni, ambako jioni huchomwa udi na ubani, usiku dawa ya mbu, na Jumamosi chumba chote hupuliziwa dawa ya mende. Vikaango vyeusi visivyogandisha chakula ni hatari kuliko vyote. Kikiachwa motoni kikapata joto kupita kiasi hutoa hewa usiyoiona, na ndege wa chumba cha jirani anaweza kufa kwa dakika chache huku mpishi hajahisi kitu.

Kwa hiyo tundu lisikae jikoni wala kwenye ukumbi unaopokea moshi wa jikoni. Siku ya udi, ndege ahamie chumba kingine, mlango ufungwe, arudi moshi ukishaisha. Siku ya dawa ya wadudu atoke nyumbani kabisa. Mbu wazuiwe kwa wavu wa dirishani.

Tundu lenyewe halihitaji maneno mengi. Liwe la pembe nne, si la duara, na liwe pana kiasi cha ndege kukunjua mabawa bila kugusa pande. Nafasi kati ya waya isizidi sentimita 1.2 kwa cherero, na 2 hadi 2.5 kwa kasuku wa kijivu. Wavu mpya wa mabati una zinki, nayo ni sumu kwa ndege anayeutafuna: usugue kwa siki na brashi, suuza, anika. Vijiti viwe matawi ya mpera ya unene tofauti ili nyayo zisiote vidonda. Usiku apate giza la saa 10 hadi 12. Ukifunika kwa kanga, acha upande mmoja wazi.

Kasuku asiye na kazi hunyonyoa manyoya yake. Mpe kifuu cha nazi, makuti, boksi la karatasi achane, na mazungumzo. Akiendelea kunyonyoa, apimwe, kwa sababu yapo magonjwa yenye dalili hiyo hiyo.

Usimweke karibu na banda la kuku. Mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku, huambukiza ndege wa aina nyingi, na kasuku anaweza kubeba virusi kwa miezi bila kuumwa, kisha kuku wako wakaisha. Ndege mgeni akae chumba chake siku 30 hadi 45 kabla ya kukutana na wenyeji.

Ukimkuta kavimbisha manyoya mchana, mkia unapanda na kushuka kila anapopumua, au kinyesi kimebadilika rangi siku nzima, mtie kwenye boksi lenye chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, mahali tulivu, umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Usimpe vidonge vilivyobaki vya watoto. Kinyesi kikavu usikifagie. Kilowanishe kwanza, kwani vumbi lake linaweza kubeba vimelea vya homa ya kasuku, inayomshika binadamu kwa homa kali, kichwa na kikohozi kikavu. Ukipata dalili hizo, mwambie daktari hospitalini kwamba unafuga ndege, kwa sababu bila kuambiwa atatafuta malaria.