Vikombe, wakia na ratili: jinsi ya kuzigeuza kuwa gramu ukiwa jikoni

Jamani wapishi wenzangu wa Tanga, hasa nyie mnaopika keki za oda kama mimi, hebu tuongee hili maana linaharibu sana vitu vya watu. Unatoa resipi mtandaoni, imeandikwa cup 2 (vikombe), oz 8 (wakia), oveni 350 F (farenhaiti), na wewe mzani wako ni wa gramu na oveni yako inasoma selsiasi, sa unaanza kukisia.

Kwanza kabisa, usichukue kikombe chochote kilicho kabatini. Kikombe cha resipi za Marekani ni mililita 240 hivi, cha Australia ni 250. Magi yangu ya chai nilikuja kuipima baadae nikakuta inabeba 350, na nilishaipikia keki ya shughuli Chumbageni. Unga na sukari nimepima kwa magi, mayai nimeweka 3 kama walivyosema, bekin pauda vijiko 2 kama walivyosema, keki ikatoka nzito, katikati imejishika haijaumuka, nikarudisha hela ya watu na roho iliniuma. Unga na sukari vilizidi karibu nusu nzima lakini mayai na bekin pauda vimebaki palepale. Ndo maana mkate wa kumimina ukipima mchele, tui na sukari kwa kikombe kimoja hichohicho huwa unakubali hata kikiwa kikubwa, ila pakishaingia mayai ya kuhesabu na vijiko, ukubwa wa kikombe lazima uujue. Kama huna vya kupimia tumia chupa ya maji ya nusu lita, vikombe 2 vya Marekani vinaishia chini kidogo tu ya hiyo nusu lita.

Alafu hapa ndo pa kutulia. Kikombe hakina gramu zake maalum, inategemea umetia nini. Kikombe kimoja cha unga wa ngano ni gramu 125 hivi yani nusu robo, sukari kikombe hichohicho ni 200, siagi ni 227, mafuta ya maji 218, asali inafika 340. Kwahiyo mtu akikwambia "kikombe ni gramu 240" kwa kila kitu anakupoteza, hiyo ni ya maji na maziwa tu. Na unga usiuchote kwa kuushindilia, utifue kwanza, utie na kijiko, kata juu kwa kisu, maana ukishindilia unaweza kuongeza hata gramu 30 bila kujua.

Oz na lb zisikutishe, ni wakia na ratili zilezile za bibi zetu, enzi za Mwingereza walikuwa wananunulia vitu dukani. Wakia 1 ni gramu 28, ratili 1 ni wakia 16, gramu 454. Mimi nazishika kidukani hivi: wakia 8 ni robo kasoro kidogo (227), wakia 4 ni nusu robo kasoro kidogo (113), ratili ni nusu kilo utoe gramu 46. Resipi za Marekani zikisema siagi stiki moja ndo hiyo 113. Kuna keki ya zamani ya Waingereza ya ratili moja moja, unga ratili, sukari ratili, siagi ratili, mayai ratili, ukiijaribu yapime mayai kwenye mzani bila maganda usihesabu, mayai yetu ya kienyeji ni madogo.

Ila ukiona fl oz hiyo sio uzito, ni ya vitu vya maji, Marekani ni kama mililita 30 na Uingereza 28. Painti ndo inatofautiana sana, ya Marekani 473, ya Uingereza 568, kwahiyo angalia resipi imetoka wapi kabla hujamimina tui.

Vijiko: tsp ni cha chai mililita 5, tbsp ni cha chakula mililita 15, Australia chao ni 20. Ukichanganya hivi viwili kwenye bekin pauda au chumvi ndo basi tena.

Moto: kugeuza F kuwa selsiasi, toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. 350 inakuja 177, weka 180. 325 ni 163, 375 ni 191, 400 ni 204. Wa jiko la mkaa hakuna namba ya kugeuza, mkaa mwingi juu ya mfuniko chini kidogo, na uanze kuchungulia mapema.

Mwisho sufuria. Inchi 1 ni sentimita 2.54, ya inchi 8 ni sentimita 20, ya inchi 9 ni 23, pima kwa rula kwa ndani ukingo mpaka ukingo. Na kama resipi inataka trei ya mraba ya inchi 8 na wewe una sufuria ya duara ya inchi 9 yenye kina kilekile, pika tu, zinabeba karibu sawa.