Kununua sanamu za bronzi za Napoli bila kuuziwa zinki

Tangu nimsaidie shemeji kununua sanamu yake ya kwanza mnanipigia sana, basi naandika mara moja. Naongelea zile sanamu za mezani ambazo watalii walikuwa wakinunua Napoli karne ya 19 na mwanzoni mwa 20, kopi za vitu vilivyochimbuliwa Pompeii na Herculaneum, miji ya kale ya Kirumi karibu na Napoli, Italia. Zile za kale zenyewe ziko makumbusho ya Napoli, hizi zetu ni kopi na si aibu.

1. Chagua sanamu moja uijue vizuri. Mi nasema Narcissus, sanamu ya kijana aliyesimama, aliyechimbuliwa Pompeii 1862, kopi zake ziko tele. Tazama picha za makumbusho, hasa kile kidole alichonyoosha na ngozi ya mbuzi begani.

2. Hakikisha ni bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Hapa ndipo watu wanalizwa. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, bronzi inataka zaidi ya 900, kwa hiyo zinki ilikuwa rahisi kutengeneza, wakaipaka rangi ya bronzi na ukiiona kwenye picha hujui kitu. Sumaku achaneni nayo, haivuti bronzi wala zinki, itakuambia tu kama ni chuma. Uzito nao unadanganya, maana nyingine zimejazwa plasta ndani. Kugonga kwa kucha sawa, bronzi inalia kama kengele na zinki inatoa mlio mfu, lakini ikiwa imejazwa au skrubu ya kitako imelegea hata bronzi hailii. Dawa ni kugeuza chini, ukikuta kitambaa kimegundishwa omba ruhusa ukibandue, halafu kwaruza kidogo kwa tupa ndogo mahali pasipoonekana: njano au wekundu ni bronzi au shaba, kijivu cheupe ni zinki. Ila kwaruza mpaka upite ngozi ya juu, kwa sababu kuna zinki zilizopakwa shaba kwa umeme, ukigusa juu juu utaona njano au wekundu ufurahi bure. Na kwaruza sanamu yenyewe, sio kitako tu, vinaweza kuwa metali tofauti. Muuzaji akikataa, aga uende zako.

3. Pima kwa rula. Bronzi hunywea ikipoa, kwa hiyo kopi iliyotolewa kwenye kopi nyingine huwa ndogo kidogo, na vidole na nywele vimefifia. Hiyo bei yake ishuke.

4. Muhuri wa kiwanda kilichoitengeneza. Chiurazzi kwa Napoli, F. Barbedienne kwa Paris. Muhuri unagongwa na yeyote, mi nauangalia mwisho.

5. Kusafisha: brashi laini, nta kidogo, basi. Brasso, ile dawa ya kung'arisha metali, marufuku! Ule ukijani wa Pompeii na weusi wa Herculaneum vilipakwa kiwandani makusudi, ukisugua unabaki na kitasa cha mlango.