Mwanga wa jua ndani ya jengo la abiria: anza na njia ya ndege

Kijana mmoja wa chuo hapa Lubumbashi aliniletea zoezi lake, mchoro wa kiwanja kidogo cha ndege. Ukumbi wa kungojea ulikuwa kioo kitupu, mita 3 kwenda juu, kikitazama machweo. Tulivyokirekebisha ni hivi.

Hatua ya 1. Soma namba za njia ya ndege, ile ya kurukia na kutua, uzidishe kwa 10 upate digrii za mwelekeo wake. Luano, kiwanja cha hapa Lubumbashi, ni 07/25, inalala karibu mashariki-magharibi. Jengo sambamba nayo hutazama kaskazini na kusini, kazi nyepesi. Kiwanja cha Goma ni 17/35, karibu kaskazini-kusini, na hapo huna pa kulikwepa jua la jioni. Zoezi lake lilikuwa la namna hiyo.

Hatua ya 2. Vyoo, ofisi na mizigo viweke pembeni mwa ukumbi.

Hatua ya 3. Jua la jioni. Saa moja hivi kabla ya machweo liko digrii 15 tu juu ya upeo. Kulizuia kwa paa, kioo cha mita 3 kinadai paa lijitokeze mita 11! Kwa hiyo tumia vibao vya wima vilivyogeuzwa mshazari, upana wake mara moja na nusu ya nafasi kati yake, uwazi utazame kusini-magharibi. Jua la kiangazi hutua likiegemea kaskazini, linagonga vibao. La Desemba hupenya kidogo, ila huo ni msimu wa mawingu.

Kupima, mimi siamini kompyuta kabla ya maketi ya kartoni, yaani mfano mdogo wa jengo. Kwenye ubao wa maketi simamisha kijiti cha sentimita 10. Toka nje saa yoyote yenye jua, inamisha ubao hadi kivuli kifike sentimita 37 na kielekee mashariki ya plani. Hiyo ndiyo jioni yako, chungulia ndani. Kijiti kiwe wima kabisa juu ya ubao: chetu kilikuwa kimelala kidogo, tukabishana na kivuli cha uongo asubuhi nzima. Tumia kipimapembe, usikadirie kwa jicho.

Hatua ya 4. Paa. Usitoboe matundu bapa. Mwishoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hapa linapita utosini, abiria watahamia ukutani. Fanya paa la meno ya msumeno, vioo vitazame kusini, dari nyeupe isiyong'aa. Na uchore ngazi ya kufikia vioo hivyo, maana Agosti vumbi jekundu litakuwa limeshavifunika.