Kupokea kifurushi kutoka nje ukiwa mgeni Lamu

Kifurushi kinachotumwa kwa ndege kutoka Dubai au London hakikaguliwi Lamu. Kwa kawaida hushukia Nairobi, na hapo ndipo watu wa forodha wa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) hukithamini na kukitoza ushuru. Kwa hiyo nahodha aliyetoka Unguja, akatia nanga Lamu na sasa anangoja impela, kipuri cha pampu ya mashine yake, kazi yake kubwa ni kabla mtumaji hajafunga boksi. Likishaondoka, hubaki kupiga simu tu.

Jina la mpokeaji liwe lilelile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. "Kapteni Mudi" anajulikana gatini kote, lakini karani wa Nairobi hamjui. Anwani iwe hivi:

Jina kamili la pasipoti
Kupitia kwa: jina la mwenyeji au nyumba ya wageni
S.L.P. ya mwenyeji, Lamu 80500, Kenya
Simu: +254 …

Ukiwa Malindi, msimbo ni 80200. Andika pia mtaa, mathalani Langoni au Mkomani kwa Lamu, na usiandike "Shela" peke yake: iko Shela ya Lamu na iko Shela ya Malindi. Namba ya simu iwe ya Kenya, na iwe hewani mchana. Ofisi ikikupigia na usipokee, mzigo hurudishwa rafuni, na siku za ghala zinahesabiwa.

Posta ni nafuu ila huchukua muda zaidi. Namba yake ya ufuatiliaji ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka mzigo. Ikipungua hata moja, mwombe mtumaji picha ya stakabadhi. Kampuni za vifurushi vya haraka huondosha mzigo forodhani kwa niaba yako na kukutoza ada juu yake. Hizi hupima pia ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000. Boksi la 50 × 40 × 30 huhesabiwa kilo 12 hata kama ndani mna kilo mbili. Mwambie mtumaji atafute boksi dogo.

Uliza kampuni mapema kama pasipoti inatosha au wanataka PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi. Wakitaka PIN nawe huna, mzigo uandikwe kwa jina la mwenyeji mwenye PIN, kwa ridhaa yake, maana yeye ndiye atakayejibu maswali.

Vifurushi vingi hukwama kwenye ankara. "Vipuri" peke yake haimwambii ofisa kitu, naye asipojua ni nini hawezi kujua kiwango cha ushuru. Iandikwe kwa Kiingereza: impela ya mpira ya pampu ya maji ya mashine ya boti, moja, mpya, bei kadhaa. Nakala moja iwe ndani ya boksi, moja kwenye mfuko wa nje, moja kwenye simu yako. Kuandika "zawadi" hakufuti ushuru. Kushusha bei nako ni ujanja wa hasara: ofisa huilinganisha na bei anazozijua na kuipandisha, na mzigo ukipotea bima hulipa ile bei ndogo uliyoitaja.

Ushuru hukatwa kwenye thamani ya mzigo iliyokubaliwa na forodha. Tuseme thamani hiyo ni shilingi 20,000. Viwango vya kawaida vya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 au 35 kulingana na bidhaa. Ikiangukia 25, ushuru ni 5,000. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, ni 500. Tozo ya reli, asilimia 2, ni 400. VAT ya asilimia 16 huhesabiwa juu ya 25,000, yaani 4,000. Jumla 9,900, karibu nusu ya thamani, na ada ya kampuni bado. Viwango hivi hubadilishwa na sheria za fedha, kwa hiyo vihakikishe kabla ya kuagiza.

Droni, dawa, mbegu na redio za mawasiliano zinataka vibali vya mamlaka zake, na bila kibali hukaa ghalani. Pawabenki zisitumwe: tangu 2016 betri za lithiamu zilizo peke yake haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria.

Ukiambiwa ulipe, omba hati ya hesabu kwanza. Malipo ya KRA yana namba yake ya usajili wa malipo, iitwayo PRN. Anayekutaka utume pesa kwenye namba yake binafsi, mkatalie.

Toka Nairobi au Mombasa, mzigo huja kwa ndege hadi uwanja wa kisiwa cha Manda au kwa basi hadi Mokowe, gati ya bara, kisha kwa boti. Wakati wa kusi maji ya chumvi huruka ndani ya boti, na katoni isiyo na kinga hulowa ikaachia chini. Kilichomo kifungwe nailoni nzito ndani ya katoni. Njiani mabasi hukaguliwa, kwa hiyo ile ankara ya nje isibanduke. Nenda Mokowe na kitambulisho na namba ya risiti ya basi, kagua gundi ya boksi, fungua mbele ya karani, piga picha, hesabu, ndipo utie sahihi.